Dikoda ya pointi nne kwenye reli ndogo za DCC: solenoidi za Peco PL-10E

Kwa mgeni: DCC ni mfumo wa kuendesha treni za modeli kwa amri za kidijitali zinazopita kwenye reli. Pointi ni mahali njia ya reli inapogawanyika, solenoidi ni sumaku ya umeme inayoigeuza, na dikoda ni kifaa kinachopokea amri na kuipiga solenoidi. Hapa "kituo" ni kifaa cha DCC kinachotuma amri, si stesheni.

Vifaa: dikoda 1 ya matokeo manne (sehemu nne za kutolea umeme) yenye kapasita (kihifadhi umeme) ndani, solenoidi 4, waya wa 0.5 mm² wa rangi tatu, adapta ya volti zilizoandikwa kwenye dikoda, kikata-umeme cha DCC, multimita na vya kulehemia.

1. Kwanza sukuma ndimi za pointi (reli mbili nyembamba zinazosogea) kwa kidole. Ziruke na zibane reli pande zote mbili. Springi ya Peco usiitoe: solenoidi hupiga mara moja na kuachia, springi ndiyo inayoshikilia ndimi. Hutolewa ukifunga mota ya mwendo wa polepole tu.

2. PL-10E ina pini ndefu inayopita kwenye tundu la ubao. Kabla ya kukaza, pini iwe katikati ya mwendo wake na ndimi ziwe katikati pia. Ukikaza ikiwa imeegemea upande, pointi itakwenda kushoto vizuri na kugoma kurudi, kisha lawama zote ziende kwa dikoda.

3. Solenoidi ina ncha nne, mbili kwa kila koili. Unganisha ncha moja ya kila koili: huo ndio waya mweusi wa pamoja. Zilizobaki ni nyekundu na kijani. Pima: mweusi kwa nyekundu na mweusi kwa kijani zisome omu chache, karibu sawa, nyekundu kwa kijani isome mara mbili yake. Isiposoma hivyo, umekosea ncha.

4. Hapa ndipo wengi huharibu. Dikoda nyingi zinakubali kuchukua amri na umeme vyote kutoka reli, na ukizitazama kwa haraka zinafanya kazi. Lakini treni ikiingia kwenye pointi iliyoelekea kwingine, magurudumu yanapiga shoti kwenye frogi (kile kipande ambapo reli za ndani zinakutana), kituo kinajizima, na amri ya kuigeuza pointi haina pa kupita. Adapta peke yake haitoshi, maana amri bado zinatoka kwenye kituo kile kile. Weka kikata-umeme cha DCC kati ya kituo na reli, kiwe kinakata haraka kuliko kituo chenyewe. Waya mbili za amri za dikoda zichukue KABLA ya kikata-umeme. Umeme wa kupigia solenoidi utoke kwenye adapta.

5. Anwani: bonyeza kitufe cha dikoda mpaka taa iwake na kuzima, kisha tumia kituo kutuma amri kwa pointi 1. Modeli nyingi hapo hujipa 1 hadi 4. Dikoda ya pili ianze na 5, kwa sababu namba zimepangwa nne nne.

6. Hakikisha tokeo liko kwenye mpigo, si umeme wa kudumu. Koili ikiachiwa umeme huungua. Anza na milisekunde 100, ongeza kidogo kidogo kama ndimi haziruki.

Maswali

*Wakuu, pointi 3 inageuka kinyume na ninachobonyeza. Nifungue tena solenoidi?*
Hapana. Badilishana nyekundu na kijani kwenye dikoda tu. Kama umefunga swichi ya PL-13 (inayobadili umeme wa frogi), usiiguse, inafuata pini na si amri.

*Pointi namba 3 na kichwa cha treni namba 3 havitagongana?*
Havigongani. Anwani za pointi zina kundi lake.

*Mkuu, nikipanga njia ya pointi tatu kwa mpigo mmoja, ya mwisho inabaki. Nikiibonyeza peke yake inakwenda.*
Kapasita haijajaa. Weka pengo la nusu sekunde hadi sekunde moja kati ya amri. Kama bado, angalia adapta, huenda ni dhaifu.

*Nimebadili kituo, kutoka cha Lenz kwenda cha Roco, pointi zote hazijibu namba zake.*
Vituo hivyo vinahesabu kwa tofauti ya 4. Jaribu namba iliyozidi kwa 4. Ikikukera, rudia hatua ya 5 ukitumia kituo kipya.