Usilitupe lile kopo la biskuti

Karibu kila nyumba ina lile kopo la bati la biskuti ambalo ukilifungua unakuta sindano, vifungo na nyuzi. Mimi ninalo darasani, hapa Tanga, mwaka wa kumi na mbili sasa nikifundisha chekechea. Ndilo ninalopimia kama mtoto ameanza kujua kwamba mwenzake ana mawazo yake.

Mwoneshe likiwa limefungwa. "Humu mna nini?" Biskuti! Fungua aone nyuzi, ufunge tena. Sasa muulize: "Bibi yuko uani, hajaona ndani. Tukimwita, atasema mna nini?" Wa miaka mitatu mara nyingi hujibu "nyuzi" bila hata kusita. Muulize yeye mwenyewe alidhani nini mwanzoni, atakwambia "nyuzi" vilevile, na wala hadanganyi. Akijuacho yeye, anaona dunia nzima inakijua. Wanasaikolojia Wimmer na Perner walilipima jambo hili mwaka 1983 kwa hadithi ya mvulana ambaye chokoleti yake ilihamishwa kabati akiwa hayupo. Wengi huanza kupatia wakiwa na miaka minne hadi mitano.

Akikosa, usimcheke wala usimkaririshe jibu, utafuga kasuku. Funga kopo, rudia baada ya miezi.

Katikati hapo mpe neno "dhani". Wamegombania kikombe? Kabla ya "mwombe msamaha", sema: "Analia kwa sababu alidhani umemnyang'anya. Hakujua unakwenda kukiosha." Baba kazima taa? "Alidhani umelala." Ni maneno ya sekunde tano tu.

Jioni simulia Sungura na Fisi, na usimame penye utamu: Sungura ameshachoropoka kwenye gunia, kaacha mawe, Fisi bado anatembea nalo begani. "Fisi anadhani kabeba nini?" Mdogo atapiga kelele "mawe!" Aliyekwisha kuelewa atacheka kwanza.

Na uongo wake wa kwanza, andazi liko mgongoni na sukari mdomoni, usikupandishe presha. Mkanye, lakini ujue ameshagundua kwamba kichwa chako si kichwa chake.

Mwaka jana nilikuwa na mmoja aliyenijibu "nyuzi" tangu Januari. Agosti nikalitoa kopo tena. Akalitazama, akanitazama, kisha akaninong'oneza: "Mwalimu, usimwambie mama wa uji. Tumwite."