Saladi ya matunda kwa mwenye kisukari: pima tunda, tango kula utakavyo

Wapendwa, leo tuingie jikoni. Wengi wetu tukishaambiwa tuna kisukari hufanya moja kati ya mawili: tunayasusa matunda kabisa, au tunajijazia bakuli kwa kisingizio kwamba "hiyo ni sukari ya asili". Mimi nilikuwa kundi la pili. Embe, ndizi mbivu, zabibu, na asali ikitiririka juu. Nikala huku nikijisifu. Kipimo cha saa mbili baadaye kikanisuta.

Matunda hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa wingi wake, na ile asali. Kijiko kimoja cha chakula cha asali kina takriban gramu 17 za wanga (yaani sukari na vyakula vinavyogeuka sukari mwilini), sawa na tufaha dogo zima au zaidi, tena hakina nyuzinyuzi za kuipunguzia sukari mwendo. Ndiyo maana kwenye saladi hii tunda tunalipima, mboga tunajaza.

Mahitaji (watu wawili)

Tufaha 1 dogo la kuenea kiganjani, chungwa 1 dogo, tango 1, parachichi nusu, majani ya saladi konzi mbili, ndimu 1, majani machache ya mnanaa, na kijiko kimoja cha chakula cha karanga zisizo na chumvi au mbegu za maboga. Mkigawana hayo matunda mawili, kila mmoja anapata kama gramu 15 za wanga. Hicho ndicho kipimo ambacho wataalamu wa lishe huhesabu kuwa tunda moja.

Hatua

1. Osha kila kitu kabla ya kukata, hata chungwa unalokwenda kulimenya. Kisu hubeba uchafu wa ganda mpaka ndani.

2. Kamua nusu ya ndimu ndani ya bakuli tupu. Ndiyo, kabla ya matunda. Sasa kata tufaha pamoja na ganda lake, vipande vyembamba vidondokee humo humo, na uvigeuzegeuze. Ukisubiri kukamulia mwishoni, tufaha litakuwa limeshageuka kahawia kabla hujamaliza tango.

3. Menya chungwa, toa kokwa, likate juu ya bakuli ili maji yake yasipotee. Usilikamue. Juisi huacha nyuzinyuzi nyingi kwenye kichujio, na glasi moja inaweza kumeza machungwa matatu bila wewe kushiba.

4. Tango na ganda lake, vipande vinene kidogo. Chanachana majani kwa mkono.

5. Parachichi liwe la mwisho. Zuri ni lile linalobonyea kidogo chini ya kidole gumba bila kubaki na shimo. Lililoiva kupita kiasi litageuka uji ukichanganya. Usiliruke, maana mafuta na nyuzinyuzi zake husaidia sukari ya matunda iingie kwenye damu polepole.

6. Kamulia ndimu iliyobaki, tupia mnanaa na karanga. Chumvi, kama lazima, ni mezani na ni punje tu. Ukiitia mapema tango linatoa maji, na nusu saa baadaye bakuli linaogelea.

Asali, maziwa mazito ya kopo na mtindi wenye sukari vikae mbali. Pia kumbuka wanga wa saladi unahesabiwa pamoja na wa mlo mzima. Ukila na wali au mkate, hivyo vipungue.

Maswali ya wanachama

*Asante kwa somo, dada. Kwa hiyo ndizi na embe ndiyo basi tena?*

Hapana, ndugu yangu. Badilisha, usiongeze. Nusu ya ndizi ya wastani, au nusu kikombe cha embe lililokatwa, inakaa mahali pa tunda lako. Ndizi iliyoiva sana hupandisha haraka kuliko ile ambayo bado ngumu kidogo. Kuwa macho zaidi na zabibu kavu: vijiko viwili vya chakula tu ni gramu 15 tayari.

*Mbona tikiti maji wanasema ni baya, na lenyewe ni maji matupu?*

Wote wana sehemu ya ukweli. Sukari yake huingia haraka, lakini kikombe kimoja kina kama gramu 11 au 12 tu za wanga. Kikombe hakina neno. Nusu ya tikiti ndiyo yenye maneno.

*Naweza kutumia balungi badala ya chungwa?*

Kwa sukari, sawa. Ila kama unameza dawa za kolesteroli kama simvastatin au atorvastatin, muulize kwanza daktari au mfamasia, kwa sababu balungi huongeza kiasi cha dawa hizo kwenye damu.

*Mama ana kisukari na figo zimeanza kusumbua. Nimwandalie hii?*

Usimwandalie kabla hujaongea na daktari wake, mwanangu. Parachichi na chungwa vina madini ya potasiamu kwa wingi, na figo zilizochoka huenda zisiweze kuitoa.

*Sukari ikishuka ghafla nile saladi hii?*

Hapana! Hapo nyuzinyuzi na mafuta vitakuchelewesha. Ikishuka chini ya 3.9 mmol/L kwenye kipimo, chukua gramu 15 za sukari ya haraka, kwa mfano nusu glasi ya juisi, kisha pima tena baada ya dakika 15. Siku hiyo asali inaruhusiwa.

*Nikiiandaa usiku nibebe kazini, itafika salama?*

Tufaha na chungwa vikae na ndimu yake kwenye chombo chenye mfuniko, ndani ya friji. Tango na majani, chombo kingine. Parachichi beba zima na kisu kidogo, ulikate ukishakaa kula.