Swichi ya antena kwa anayerusha kilowati: usinunue namba ya kwenye boksi

Wakuu, nianze na aibu yangu kabisa ili tuelewane. Swichi yangu ya kwanza ya antena za redio ya ham (kiboksi cha kuchagua redio itumie antena ipi) niliagiza mtandaoni, ya njia tatu, boksi limeandikwa 2 kW kwa maandishi makubwa, bei ya kutupwa, nikasema hii hii. Amplifaya yangu ilikuwa inatoa kama wati 800 hivi. Usiku nimekaa bendi ya mita 40 napiga stori na jamaa, mara SWR (kipimo cha nguvu zinazorudi kutoka kwenye antena, 1 ndo safi kabisa) inapanda yenyewe, inashuka, inapanda tena, halafu harufu ya plastiki. Kufungua kile kiboksi nakuta swichi ya kuzungusha kama ya feni ya dari, miguu yake imeungwa na konekta kwa vijiwaya vyembamba kama vya spika, na kati ya mguu na mguu pana mstari mweusi wa masizi. Umeme ulishajitengenezea njia yake.

Sasa ile 2 kW inawezekana hata haikuwa uongo, ila ni wati za nini? Hapo ndo pa kuanzia. Mara nyingi wanaandika PEP, yaani kile kilele cha sauti kwenye SSB (kurusha kwa kuongea), tena antena ikiwa imekaa sawa kabisa SWR 1. Ukiongea SSB sauti inapanda na kushuka, swichi inapata muda wa kupumua. Njoo kwenye FT8 (ujumbe wa kidijitali kwa kompyuta), unarusha sekunde 12.64 kwenye kila zamu ya sekunde 15, nguvu yote mwanzo mwisho, hakuna kupumua. Kwa hiyo tafuta namba ya CW (wimbi la mfululizo, lile la Morse) au ya kurusha mfululizo, na kama muuzaji ameandika PEP peke yake basi we jihesabie ni chini ya nusu ya hapo. Swichi ya PEP 2.5 kW kukuta CW yake ni 1 kW ni jambo la kawaida kabisa.

Halafu kuna SWR, na hii ndo inaua swichi nyingi. Chukua wati 1500, ndio kiwango cha mwisho wanachoruhusiwa maham (warushaji wa redio ya ridhaa) wa Marekani na ndio maana swichi nyingi nzuri zinalenga hapo (sisi wa huku soma leseni yako imekupa wati ngapi, usije ukasema mimi ndo nilikutuma). Kwenye koaksi (waya wa antena) ya om 50 hizo wati 1500 ni volti 274 na ampea 5 na nusu. Kawaida tu eeh? Weka antena yenye SWR 3 uone, kuna sehemu za waya volti zinafika 474, kilele chake karibu 670, na sehemu nyingine ampea zinafika 9 na nusu, na swichi yako hujui imeangukia wapi, kwenye volti nyingi ipige cheche au kwenye ampea nyingi ichemke. Watu wengi wanajisahau hapa kwa sababu tyuna (kifaa cha kulinganisha antena na redio) iko ndani karibu na redio, mita inaonyesha SWR 1 nzuri, kumbe swichi imekaa baada ya tyuna na yenyewe inakula ile SWR halisi ya antena. Mimi nachukua yenye uwezo mara mbili ya ninachorusha, basi.

Kwa ndani ziko za aina mbili hivi. Ile ya kuzungusha yenye visahani na vijiwaya, hiyo ya kwangu, na ile ya mwili wa aluminiamu nzito ambapo kila konekta ina chumba chake na ndani kuna bapa nene la chuma linalohama. Za Daiwa CS-201 na zile za Alpha Delta ziko kwenye kundi hili la pili, na zinapeleka ethi (ardhini) zile njia ambazo hujachagua. Ukishika mkononi uzito wenyewe unakwambia. Angalia pia plastiki ya katikati ya konekta, nyeupe ya teflon inavumilia joto la kulehemu. Kwa HF (MHz 3 hadi 30) konekta za SO-239 zinatosha, ukipanda UHF (MHz 300 kwenda juu) nenda na za N.

Hiyo ya kupeleka ethi ni nzuri ila ina mtego. Kuna wanaoigeuza, redio mbili antena moja. Ukikosea ukabonyeza PTT (kitufe cha kurusha) ya redio ambayo haijachaguliwa, unarusha kwenye shoti. Na kwa matumizi hayo desibeli za kutenganisha njia ndo kila kitu: wati 1500 ukitenganisha kwa desibeli 60 kinachovuja kwenda redio ya pili ni miliwati 1.5, kwa 40 ni miliwati 150, kwa 30 ni wati moja na nusu, hapo redio ya pili usiiombee. Soma na masafa yaliyoandikwa pembeni, maana desibeli 60 za MHz 30 hazibaki 60 ukifika MHz 400.

Kama antena ziko mbali na unataka kushusha koaksi moja tu, kuna za relei (swichi zinazogeuzwa kwa umeme) zinazokaa nje, unaziendesha kwa volti 12. Sisi wa pwani chumvi inakula konekta mpaka huruma, kwa hiyo kiboksi konekta ziangalie chini, kiwe na kitundu cha kutolea maji, na kila konekta izungushie tepu ya kujishika yenyewe. Uliza pia umeme ukikatika inaangukia antena ipi.

Na usibadilishe antena huku unarusha, hata mara moja. Radi nayo, ulinzi wa radi wanaoweka ndani ya swichi ni wa umeme tuli mdogo mdogo tu, mawingu yakijaa chomoa koaksi uziweke nje ya nyumba.

Ikifika usiiweke kazini siku hiyo hiyo. Chukua mita ya kupima om, pima pini ya katikati kwa pini ya katikati kila njia, iwe chini ya om moja, huku unatikisa kitasa kidogo, namba ikicheza rudisha mzigo. Funga dami lodi (mzigo bandia unaokaa badala ya antena), pima SWR kwanza bila swichi halafu na swichi kwenye MHz 28, tofauti iwe ya kutafuta kwa tochi. Kisha rusha nguvu zako za kawaida dakika tano (dami lodi yenyewe iwe inazihimili), acha kurusha, shika mwili wa swichi. Desibeli 0.1 tu ya kupotea kwenye wati 1500 ni kama wati 34 za joto, kwa hiyo vuguvugu sawa, ila kama mkono hauvumilii hiyo sio swichi yako.

Ile yangu ya kwanza bado ninayo, inachagua antena za kupokelea tu, na kwenye kusikia haijawahi kunisumbua.