Midsommar ya Sweden: samaki, taji la maua na mlingoti

Mkesha wa Midsommar, sikukuu ya Sweden ya katikati ya kiangazi, hauna tarehe moja. Tangu 1953 huwa Ijumaa inayoangukia kati ya tarehe 19 na 25 Juni: mwaka 2026 ni tarehe 19, mwaka 2027 ni tarehe 25. Mkesha ndio sikukuu yenyewe. Jumamosi ni ya kulala. Ijumaa hiyo maduka mengi hufunga mapema, na Systembolaget, duka la serikali la vileo, halifunguliwi kabisa. Mwenyeji anayesubiri Ijumaa asubuhi ndipo aanze kazi keshachelewa. Anza na samaki, Jumanne au Jumatano.

Samaki

Samaki wa siku hii ni heringi wa siki, kwa Kiswidi *inlagd sill*. Kipimo chake hukaririwa kama moja, mbili, tatu: desilita 1 ya siki kali (*ättiksprit*), desilita 2 za sukari, desilita 3 za maji. Chemsha mpaka sukari iyeyuke, halafu acha ipoe kabisa. Hapo ndipo wengi huharibu. Siki ikimiminwa ingali na uvuguvugu, samaki anaiva nusu na kulainika, na ukimchoma kwa uma anavunjika.

Kata gramu 400 hivi za minofu, vipande vya sentimita 2. Vipange kwenye chupa ya mdomo mpana kwa matabaka, ukipishanisha na vitunguu vyekundu na karoti zilizokatwa slesi. Tia punje 10 za *kryddpeppar*, ile pilipili nzima yenye harufu inayokaribia karafuu, na majani 2 ya *lagerblad* (majani makavu ya bay). Mimina siki iliyopoa mpaka samaki azame, funika, weka kwenye friji. Siku moja inatosha kwa shida. Siku mbili au tatu ndiyo ladha.

Soma lebo ya siki kabla ya kupima. Kipimo hiki ni cha siki ya asilimia 12. Dukani ipo pia ya asilimia 24, ambayo lazima kwanza ichanganywe na maji sawa kwa sawa. Ukiwa na siki nyeupe ya asilimia 5, ile ya kutia kwenye kachumbari, moja-mbili-tatu itakupa maji ya sukari tu. Weka desilita 2 na nusu za siki kwa 1 na nusu ya maji, sukari ibaki ileile.

Heringi aliyehifadhiwa kwa chumvi hulowekwa kwanza kwenye maji baridi kwa muda wa saa 8 hadi 12. Onja kipande, chumvi ikizidi, badilisha maji uendelee. Minofu iliyoandikwa *5-minuterssill* imeshatolewa chumvi. Pembeni weka viazi vipya, ambavyo havimenywi, vinasuguliwa tu na kuchemshwa kwa chumvi na mashina ya shibiti; krimu chachu; na stroberi za kumalizia. Hayo hayana siri.

Taji la maua

Anayejua kutunga koja la asumini asidhani kazi ni ileile. Koja hupita kwenye sindano na uzi. Taji hili hufungwa kwa waya, fungu juu ya fungu.

Chuma asubuhi umande ukishakauka, kisha tumbukiza mashina kwenye maji baridi kwa muda wa saa 2. Maua yanayovumilia ni *prästkrage* (meupe yenye kiini cha njano), klova nyekundu na *midsommarblomster* ya zambarau. *Vallmo* (popi) nyekundu inavutia, lakini petali zake hudondoka mapema. *Liljekonvalj*, yenye maua madogo meupe kama kengele, ina sumu. Isikae karibu na meza ya chakula. Okidi zote za Sweden zinalindwa kisheria, usizichume. Na mmea mrefu kumpita mtu, wenye mwavuli mpana wa maua meupe, usiuguse: ni *jätteloka*, na utomvu wake ukipigwa na jua huunguza ngozi.

Zungusha waya mnene kichwani, ongeza sentimita 3 au 4, ufunge. Bila nyongeza hiyo taji litabana, kwa sababu mashina hujaza upande wa ndani. Kata maua yabaki na shina la sentimita 8 hadi 10. Shika matatu au manne pamoja na jani, yalaze juu ya duara, zungusha waya mwembamba mara tatu ukivuta. Usikate waya. Fungu la pili lilaze sentimita 4 nyuma, vichwa vyake vikifunika mashina ya la kwanza, yote yakielekea upande mmoja. Kichwa cha kawaida kinachukua mafungu 15 hivi. Ukifika mwisho, inua vichwa vya fungu la kwanza, chomeka mashina ya mwisho chini yake. Usipofanya hivyo litabaki pengo la upara. Waya uliolegea hauonekani mwanzoni. Mashina yakinywea jioni, mafungu yanaanza kuchomoka.

Mlingoti

Mlingoti, ule unaochezwa ngoma kwa kuuzunguka, huitwa *majstång*, na neno hilo linatokana na *maja*, kupamba kwa majani. Si mwezi wa Mei. Kwa uwani, mti wa mita 3 na nusu unatosha: kijiti cha kupita cha mita 1 na robo karibu na ncha, na pete moja ya majani ikining'inia kila upande. Funga majani ya *björk* (mti wa birch) kuanzia juu kushuka, ncha zikitazama juu, ili kila fungu lifiche mashina ya lililotangulia. Chimba shimo la sentimita 70. Majani mabichi ni mazito na upepo huyasukuma kama tanga. Kuchuma maua ya kawaida porini ni haki ya kila mtu, lakini kuvunja matawi ya mti ulio hai sharti mwenye ardhi akubali.

Maua saba

Mila inataka aina saba za maua, zichumwe kimyakimya huku ukivuka nyuzio saba za mashamba, kisha ziwekwe chini ya mto wa kulalia ili umuote mtakayeoana naye. Giza la kungojea halipo: Stockholm jua huzama saa 4 na dakika chache usiku na kuchomoza saa 9 na nusu. Kung'uta wadudu, funga maua kwa kitambaa chepesi. Kabla ya kulala jikague kupe nyuma ya magoti, kwapani na kinenani, kwa sababu nyasi za Juni zimejaa nao na wanaambukiza magonjwa. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja. Na ukijisikia kupiga kelele, jizuie: ukitamka neno, maua yamekwisha nguvu.