Kusafiri Peke Yako kwa Baiskeli na Hema: Namna ya Kujiandaa, na Mambo Ambayo Njia Hufundisha

Siku ya nne ya safari yangu ya kwanza ya peke yangu nilisikia mlio mdogo kwenye gurudumu la nyuma, mara moja kwa kila mzunguko, nikaupuuza kwa sababu barabara ilikuwa tambarare na upepo ulikuwa ukinisukuma. Niliposimama mchana kunywa maji nilikuta spoku tatu, yaani zile nyaya zinazoshikilia gurudumu, zimekatika na rimu imepinda hata ikawa inakwaruza breki. Bila shaka ilianza moja, na kwa kuwa niliendelea kuendesha kwa saa mbili nzima, zilizobaki zikabeba mzigo ambao haukuwa wao. Nilitembea nikiisukuma baiskeli hadi jua likazama. Safari ile ilikuwa ya siku 19, na somo lake kubwa kuliko yote lilikuwa katika mlio ule: anayesafiri peke yake hana mwenzake wa kumwambia asimame, kwa hiyo hana budi kujifunza kulisikia jambo likiwa bado dogo. Maelekezo haya ni kwa yeyote anayetaka kuianza safari kama hiyo, na nimeyaandika kwa kulifuata somo hilo.

Kabla ya kuondoka

Usiifanye siku ya kwanza ya safari kuwa siku ya kwanza ya kuendesha baiskeli iliyopakiwa mzigo. Wiki mbili au tatu kabla, funga kila kitu unachokusudia kubeba, endesha kilomita 30 au 40, lala nje usiku mmoja, kisha urudi. Baiskeli yenye mzigo huchelewa kusimama, huyumba usukani unapoachiwa, na hupanda mlima kwa gia ambazo hukuwahi kuzihitaji. Ni afadhali uyagundue hayo ukiwa umbali wa nusu siku kutoka kwako.

Katika jaribio hilo yasikilize magoti kuliko kitu kingine chochote. Kipimo rahisi cha kimo cha kiti ni kukaa na kuweka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka, ili ukiweka sehemu ya mbele ya unyayo mahali pake goti libaki limekunjwa kidogo. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi humaanisha kwamba kiti kiko chini mno, na maumivu ya nyuma ya goti kwamba kiko juu mno. Goti linalolalamika kidogo baada ya kilomita 40 litakusimamisha kabisa baada ya kilomita 400.

Kuhusu mzigo, wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na msafiri wa peke yake huuelewa usemi huo kwa upande wa pili, kwa kuwa hana wa kumwachia hata pampu. Wawili hugawana hema, jiko na vifaa vya matengenezo, lakini mmoja hubeba vyote. Thomas Stevens, anayetambuliwa kuwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli, aliondoka San Francisco mwaka 1884 akiwa na soksi, shati la akiba, bastola, na koti la mvua ambalo usiku alilitumia kama hema na tandiko, na alifika Yokohama, Japani, mwaka 1886. Sisemi umuige, kwa maana usingizi mzuri ni sehemu ya usalama. Ninachosema ni kwamba kila kitu kiwe na kazi mbili kikiweza, na kisichokuwa na hata moja kibaki nyumbani. Vitu vizito viweke chini, karibu na katikati ya baiskeli, na uzito wa kushoto ulingane na wa kulia.

Vifaa ambavyo sikushauri kuviacha ni tyubu mbili za akiba, viraka na gundi, pampu, vijiti vya kuondolea tairi, kifaa cha kuunganishia cheni, spana chache zinazolingana na baiskeli yako, waya wa breki, na spoku za akiba zenye urefu unaofaa. Spoku za gurudumu la nyuma upande wa gia ndizo hukatika mara nyingi, kwa kuwa hukazwa zaidi ya nyingine, na kuzibadilisha kwa kawaida hudai gia zing'olewe kwanza. Jifunze kazi hiyo nyumbani, polepole, kukiwa na mwanga.

Jifunze pia kuziba pancha kwa namna ambayo haitajirudia. Toa tyubu, ijaze upepo, isogeze karibu na shavu mpaka uhisi mahali panapovuja, kwa maana ngozi ya shavu huhisi upepo ambao macho hayauoni. Paruza hapo, paka gundi, na usubiri mpaka ipoteze mng'ao ndipo ubandike kiraka. Halafu fanya lile ambalo wengi huliruka: pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote, mzunguko mzima, ukitafuta ncha ya mwiba. Siku moja nilibadilisha tyubu mbili kwa muda usiozidi nusu saa, na kosa lilikuwa mwiba mfupi kuliko punje ya mchele, uliojificha kwenye mpira ambao nilikuwa nimeutazama tu bila kuugusa.

Mwendo wa mchana

Siku tatu za mwanzo zisizidi kilomita 50 au 60 kila moja, hata ukijihisi una nguvu za kwenda mara mbili ya hapo. Moyo na mapafu huzoea kazi upesi, lakini kano na viungo huchelewa, na ndiyo maana wengi huumia katika wiki ambayo wanajiona wameimarika. Chagua gia nyepesi inayokuwezesha kuzungusha pedali mara 70 hadi 90 kwa dakika, badala ya gia nzito inayoyakamua magoti.

Upepo wa mbele unahitaji kueleweka, si kupiganwa. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi, maana yake kasi ya hewa inayokukabili ikiongezeka mara mbili, nguvu inayokurudisha nyuma huongezeka mara nne. Anayejilazimisha kudumisha kasi ya jana dhidi ya upepo wa leo hulipa gharama kubwa kwa kilomita chache. Siku kama hiyo acha kuhesabu kilomita, uhesabu saa: endesha saa tano kwa bidii ya kawaida, kisha pumzika popote zitakapokufikisha. Binafsi nilihitaji siku mbili za hasira kabla ya kulikubali hilo, na tangu nilipolikubali sijawahi tena kuuchukia upepo.

Maji na chakula vinastahili nidhamu ileile. Kunywa kidogo kidogo, takribani nusu lita kwa saa katika hali ya wastani na zaidi kwenye joto kali, na kula kitu kila baada ya saa moja hivi kabla njaa haijajitambulisha, kwa sababu njaa ya mwendesha baiskeli haiji tumboni kwanza bali huja kichwani. Kwenye saa tisa alasiri nilikuwa nikianza kuona kwamba safari nzima ni upumbavu, kwamba nyumbani wananihitaji, kwamba barabara haifiki popote. Mawazo hayo yalikuja na hoja nzuri, nami niliyajibu kwa hoja, mpaka siku nilipogundua kwamba yanaondoka yote dakika 20 baada ya kula. Ndipo nilipojiwekea kanuni ambayo naiona kuwa ya thamani kuliko kifaa chochote nilichobeba: nisiamue jambo lolote kubwa kuhusu safari kabla ya kula, kunywa na kukaa kivulini kwa dakika 20. Ikiwa baada ya hapo bado nataka kurudi, basi sababu ni ya kweli na nitairudia asubuhi. Kanuni hiyo naitumia mpaka leo katika barua ninazotaka kuandika nikiwa na hasira.

Mahali pa kulala

Anza kutafuta mahali pa kulala saa mbili kabla ya jua kuzama. Gizani mtu huacha kuchagua na kuanza kukubali, na makosa mengi ya kambi huanzia hapo. Kama ardhi ina mwenyewe, muombe ruhusa, kwa kuwa aliyeruhusiwa hulala vizuri kuliko aliyejificha. Usipige hema kwenye mkondo wa mto uliokauka, kwani mvua iliyonyesha mbali inaweza kuleta maji usiku chini ya mbingu yenye nyota. Usilale chini ya mti wenye matawi makavu, wala kwenye shimo la bonde, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutiririka kwenda chini. Mwinuko mdogo wenye kizuizi cha upepo ndio bora. Kabla ya kukaza vigingi, jinyooshe kwanza juu ya ardhi yenyewe, bila kitu, ukae kimya kwa dakika moja. Mgongo utakuonyesha jiwe ambalo macho hayakuliona.

Ardhi hunyonya joto la mwili, kwa hiyo godoro jembamba la safari lina umuhimu sawa na blanketi. Acha matundu ya hewa ya hema wazi hata kwenye baridi, la sivyo pumzi yako itageuka matone na kukulowesha. Usiwashe jiko ndani ya hema kamwe, kwa kuwa kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina rangi wala harufu. Maji yenye mashaka yachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja, na kwa dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Radi ikianza, hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila sekunde tatu ni takribani kilomita moja, na zikifika 30 au chini ya hapo unapaswa kuwa tayari ndani ya jengo imara au gari lililofungwa, kwa sababu hema haliwezi kukukinga.

Hofu ya usiku nayo ina utaratibu wake. Usiku wa kwanza niliwasha tochi kwa kila mchakacho, na kila nilipoizima giza lilikuwa zito zaidi, kwa sababu macho huhitaji dakika 20 au 30 kulizoea. Tangu hapo nilikuwa nikikaa nje ya hema bila taa kwa muda huo kila jioni, nikiupa kila mlio jina: huo ni upepo kwenye turubai, huo ni mdudu, hilo ni jani. Mlio niliokwisha kuutambua haukuniamsha tena.

Peke yako, lakini si bila watu

Chagua mtu mmoja wa kumtumia ujumbe kila jioni ukimweleza ulipo na unakoelekea, na mkubaliane kabisa atafanya nini, na baada ya saa ngapi, endapo utakuwa kimya.

Kisha jiandae kusaidiwa. Jioni ile ya spoku zilizokatika, dereva mmoja alisimama na kuniuliza kama nahitaji msaada, nikamjibu kwamba niko sawa. Sikuwa sawa; nilidhani tu kwamba kusafiri peke yangu maana yake ni kutomhitaji mtu. Asubuhi yake mzee mmoja alinikuta nikihangaika na rimu, akachuchumaa bila kuniuliza chochote, akaligeuza gurudumu mbele ya macho yake na kukaza spoku moja baada ya nyingine, robo mzunguko kila mara, mpaka likaenda sawa. Mara hii nilisema asante na kumshikia spana. Mtu ana haki ya kukataa msaada unaomtia mashaka, na silika hiyo aiheshimu, lakini ajichunguze kama kinachokataa ni mashaka au ni kiburi.

Kila usiku andika mistari mitatu: mwili unauma wapi, baiskeli inalia wapi, na nini kilikuogopesha. Isome kila siku ya tatu, na jambo lililojitokeza mara mbili lishughulikie kabla ya kupanda tena.

Ukirudi nyumbani, usifungue mizigo kwa haraka. Tandaza vyote sakafuni na uvigawe mafungu matatu: ulivyotumia kila siku, ulivyotumia mara moja, na ambavyo hukuvigusa. Katika fungu la mwisho toa dawa, vifaa vya matengenezo na nguo ya mvua, uvirudishe mkobani. Vinavyobaki vipime kwenye mizani, na uandike uzito wake kwenye daftari lilelile, chini ya mistari ya usiku wa mwisho.