Unashikia darasa la sayansi Marekani? Nenda na somo lako la kusoma mfukoni

Hii ni kwa ndugu zetu mlioko Marekani mnaofanya kazi ya ualimu mbadala, yaani kushika darasa siku mwalimu mwenyewe hayupo, hasa shule za kati, yaani darasa la 6 mpaka la 8, watoto wa miaka 11 hadi 14. Mnajua ilivyo, simu inaita alfajiri, unafika shuleni unaambiwa leo ni sayansi, afu mezani kwa mwalimu hakuna andalio la somo au lipo ila linaisha ndani ya dakika 15 na kipindi ni dakika 45. Watoto 28 wanakuangalia. Muda huo ndo unajua kama ulijiandaa nyumbani au la.

Jambo la kwanza kabisa, kama mwalimu mwenyewe amewaachia watoto kazi ya kufanya, fuata yake. Somo lako ni la pale ambapo hakuna kitu au kimeisha mapema. Na usifanye majaribio ya maabara hata kama vifaa viko wazi na watoto wanakwambia "sisi huwa tunafanya". Moto, asidi, vioo, acha vyote kabatini, wewe hujui nani ana pumu na nani ana mzio wa nini. Kusoma ndo kunakufaa, kwa sababu unahitaji karatasi tu na hata umeme ukikatika kipindi kinaendelea.

Sasa somo lenyewe likoje. Watu wengi wanaprinti ukurasa wenye maelezo ya seli au mfumo wa chakula na maswali kumi chini, watoto wanajaza dakika sita wanaanza kurushiana penseli. Mimi nasema tafuta KISA chenye fumbo. Fumbo halichagui darasa, mtoto wa la 6 na wa la 8 wote wanataka kujua ilikuwaje, na wewe asubuhi hujui utapewa darasa gani.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni kipindupindu cha London mwaka 1854. Andika mwenyewe ukurasa mmoja na nusu, maneno 600 hivi, sentensi fupi, maneno magumu matano sita uyaweke juu na maana yake. Mwishoni mwa Agosti watu wa mtaa wa Soho wanaanza kufa kwa kasi, zaidi ya 600 wakaisha katika mlipuko ule, na madaktari wengi wakati huo waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu inayonuka. Daktari John Snow yeye akashuku maji. Akapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani amekufa na alikuwa anachota wapi, akakuta vifo vingi viko karibu na pampu ya Broad Street.

HAPO SIMAMA. Waambie wageuze karatasi. Wape vidokezo viwili: karibu kabisa na pampu kulikuwa na kiwanda cha bia na wafanyakazi wake karibu wote walikuwa wazima, afu kuna mama mmoja alikuwa anaishi mbali sana na pale, Hampstead, na bado akafa kwa kipindupindu. Waulize, je hivi vinamwangusha Snow au vinamsaidia? Wape dakika tano wabishane wawili wawili. Darasa lililokuwa linapiga kelele za ovyo litapiga kelele za kazi, na hizo ziache kabisa.

Afu ndo wanasoma sehemu ya pili. Wa kiwandani walikuwa wanakunywa bia na walikuwa na kisima chao. Yule mama alikuwa ameshawahi kuishi Soho, aliyapenda maji ya pampu ile, akawa analetewa. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukatolewa ili watu wasichote tena. Na usiwafiche kwamba mlipuko ulikuwa umeshaanza kupungua kabla mpini haujatolewa, kwa hiyo swali gumu la mwisho ni hili: je mpini ndo uliomaliza ugonjwa? Wale wakali wa darasa watalishikilia mpaka kengele.

Maswali yasizidi manne. Moja jibu lipo kwenye karatasi, hili ni la kumpa kila mtoto pa kuanzia. La pili na la tatu ni ya kueleza kwa nini, na hapa tumia mtindo ambao shule nyingi za huko wanautumia, wanauita CER, yaani mtoto anatoa dai, anaweka ushahidi kutoka kwenye maandishi, afu anaeleza huo ushahidi unaunga vipi dai. Wanaujua tayari, hutapoteza muda kufundisha. La nne liwe la kubishana.

Kusoma kwenyewe, soma wewe kwa sauti aya ya kwanza, taratibu, na lafudhi yako hiyohiyo ya nyumbani isikutie aibu, wanazoea ndani ya dakika mbili. Baada ya hapo anayetaka kusoma asome, usimlazimishe mtoto kusoma mbele za watu kwa sababu hujui nani anahangaika na kusoma. Na madarasa mengi sasa yana watoto wanaojifunza Kiingereza, wapo wa kutoka Kongo wanaoongea Kiswahili. Ukimgundua, mwendee pembeni umweleze swali kwa Kiswahili, ila usimwonyeshe darasa zima. Kwa mtoto mgeni kitu kidogo hicho kinafungua siku nzima.

Kisa cha pili cha kuwa nacho ni cha kwetu wenyewe, Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi Magamba Sekondari huko Tanganyika, wakitengeneza aiskrimu akaweka maziwa yake kwenye friza yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya ya mwenzake ambaye hakuyachemsha. Akauliza, mwalimu akamwambia umechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam wakachapisha makala kuhusu jambo hilo. Mpaka leo wanasayansi hawajakubaliana. Kazi ya watoto ni kuandika tu wangelipimaje: nini kibaki vilevile, nini kibadilike, wapime mara ngapi. Watoto wa miaka 12 wakisikia aliyeanzisha ubishi wa dunia nzima alikuwa mwanafunzi, wanakaa sawa.

Upande wa afya, lebo ya soda inatosha kipindi kizima. Kopo la Coca-Cola la mililita 355 lina gramu 39 za sukari, kijiko cha chai ni kama gramu 4, wapige hesabu wenyewe, wanafika karibu vijiko kumi. Lebo za Marekani zinachukulia gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku kama kiwango, basi watafute asilimia, ni 78. Lakini tafadhali, usimwambie mtoto aandike yeye anakula nini, ana uzito gani au kwao wananunua nini. Mambo ya uzazi pia usiguse, majimbo mengi yana taratibu zake za kuwataarifu wazazi.

Kama huna muda wa kuandika, tovuti za ReadWorks na CommonLit ni za bure na zina maandishi yenye maswali, chagua matatu manne yenye kisa uyahifadhi. Toa kopi 35 za kila somo uweke kwenye faili moja na penseli za ziada, maana mashine ya shule saa moja na nusu asubuhi ina foleni na wakati mwingine inataka namba ya siri ambayo wewe hujapewa.

Kengele ikikaribia kusanya karatasi zote, usisahihishe wala kutoa maksi, zibane pamoja kwa kila kipindi na juu uache karatasi fupi: tulisoma nini, tuliishia wapi, nani hakuwepo, na majina mawili matatu ya waliojitahidi.