Fangasi kwenye sainasi: jua aina yake kabla ya kununua dawa

Mafua ya upande mmoja yasiyoisha, uzito shavuni, makamasi mazito yenye harufu. Wengi tukifika duka la dawa tunapewa amoksilini, ikishindikana tunaongezewa flukonazoli, dawa ya fangasi. Amoksilini inaua bakteria, fangasi haiwagusi. Flukonazoli nayo haifui dafu kwa Aspergillus wala kwa jamii ya mukori, fangasi wanaosumbua sana sainasi, yaani mapango ya hewa ndani ya mifupa ya uso. Pesa imekwenda, ugonjwa upo palepale.

Hatua ya 1: Pima hatari kwanza
Je, mgonjwa ana kisukari kisichotulia, anatibiwa saratani, au ametumia steroidi muda mrefu? Kama ndiyo, na uso unauma ghafla, jicho linavimba au linaona vitu viwili viwili, shavu lina ganzi, au kuna weusi ndani ya pua au kwenye kaakaa, basi ni hospitali leo hii. Hapo fangasi huingia kwenye mishipa ya damu na kuiziba, nyama inakufa, na safari ya kutoka puani hadi jichoni na ubongoni ni ya siku chache tu. Walio visiwa vya Ziwa Victoria waanze na hospitali ya karibu: sukari ipimwe na rufaa ya Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza, iandikwe papo hapo.

Hatua ya 2: Vipimo
Daktari wa masikio, pua na koo ataingiza kamera nyembamba puani. Picha ya CT itaonyesha sainasi gani imejaa na kama mfupa umeliwa. Lakini kinachomaliza ubishi ni kipande cha nyama kinachotazamwa kwa hadubini: je, nyuzi za fangasi zimepenya nyama, au zimekaa tu kwenye uchafu? Sehemu ya kipande iwekwe kwenye maji ya chumvi ya hospitali, siyo chote kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze), kwa sababu fomalini inaua fangasi na maabara haitaweza kuwaotesha. Naomba sana jambo hili lizingatiwe. Kuotesha huchukua siku hadi wiki, kwa hiyo mgonjwa wa hatari huanzishiwa dawa bila kusubiri majibu.

Hatua ya 3: Tiba hufuata aina
Bonge la fangasi ndani ya sainasi moja, kwa mtu mwenye kinga nzuri, hutolewa kwa upasuaji, na kwa kawaida hakuna dawa ya fangasi inayohitajika. Fangasi wa mzio, ambao huja na vinyama puani, hutibiwa kwa upasuaji, steroidi alizoandika daktari na kusafisha pua. Hurudi mara nyingi, kwa hiyo kliniki msiiache.

Wanaopenya nyama ndio vita yenyewe. Nyama iliyokufa hukatwa, sukari hushushwa, na kwa mukori hutumika amfoterisini B ya mshipani, huku figo na potasiamu vikipimwa mara kwa mara. Vorikonazoli ni ya Aspergillus. Kwa mukori haifai.

Maswali ya wanachama

*Kirumba: Shikamoo dokta. Nabanika samaki, je, moshi unaleta fangasi?*
Marahaba mama. Moshi unachubua pua, lakini haupandi fangasi. Mbegu zao zimo hewani kila mahali. Banika penye upepo, na kama upande mmoja tu ndio umeziba, nenda ukachunguzwe.

*Ukerewe: Maji ya ziwa yaliyochujwa kwa kitambaa yanafaa kusafishia pua?*
Hapana ndugu yangu. Katika maji ya ziwa au mto yenye uvuguvugu huweza kuishi amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, anayepitia puani hadi ubongoni; ni nadra, lakini anaua. Chemsha maji yatokote walau dakika 1, yapoe, kisha weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa robo lita. Magadi msiweke.

*Igoma: Mama ana kisukari. Tangu jana kope limelegea na shavu lina ganzi, tumeambiwa ni jino.*
Dada, mpeleke sasa hivi, usiku huu. Mapokezi semeni wazi: ana kisukari, kope limeshuka, shavu limekufa ganzi, na tunaomba daktari wa pua na wa macho wamwone. Bebeni kadi yake ya kliniki na dawa zote anazotumia.